Sala Aliyonyimwa Mama

Mpaka wa Kenya ulipofungwa, watu wa Moshi walilalamikia sabuni na dawa ya meno. Mimi nililalamikia kalenda. Kila mwaka baba mdogo alitutumia kutoka Nairobi kalenda ya Kiyahudi yenye siku za sikukuu na mifungo, na sasa haikuja. Wayahudi wenzetu walikuwa wameshahama mji. Tulibaki nyumba moja tu, mtaa wa Njoro, baba na mimi. Baba, bila hata kuinua macho kutoka kwenye cherehani ya watu aliyokuwa akiitengeneza, akasema, "Basi, tuache."

Tuache! Neno hilo linanichoma hadi leo. Alianza kuacha mama alipofariki, miaka miwili kabla. Mama alikuwa Mchagga wa juu kule mlimani, ukipita Kwa Sadala. Aliifuata dini ya baba kwa moyo wote, akaishika kuliko yeye aliyezaliwa nayo. Tulipomzika kihambani kwao, kwenye shamba la migomba la ukoo, wajomba zangu Wakatoliki walimsalia rozari siku tisa. Sisi wa dini yake, kimya! Kadishi, sala ambayo Myahudi humsomea marehemu wake, hutaka wanaume kumi wa Kiyahudi, na Moshi nzima hatukuwa nao. Baba akafungia kitabu cha sala sandukuni, na humo humo akamfungia Mungu wake. Nilimchukia baba kwa hilo, nasema wazi.

Mwaka wa pili wa mpaka kufungwa nikasema potelea mbali, nitahesabu mwenyewe. Nilianzia Siku ya Upatanisho iliyopita, ya mwisho kwenye kalenda ya zamani, ile siku kuu ya kufunga na kutubu. Kila mwezi ulipoandama nilitoka kuutazama upande wa mlima Meru, nikachora alama ya mkaa kwenye ukuta wa jiko. Ilipotimia miezi kumi na miwili, nikatangaza mfungo. "Leo huli," nilimwambia baba. "Hata maji." Hakubisha. Alifunga jioni hadi jioni, midomo imemkauka, nami nikajiona nimeshinda.

Wiki tatu baadaye dereva mmoja wa lori alituletea barua ya baba mdogo, imezunguka sijui nchi gani. Aliandika kwamba mwaka huo ulikuwa na mwezi wa kumi na tatu, ule unaoongezwa kila baada ya miaka miwili mitatu ili sikukuu zisihame majira yake. Siku ya Upatanisho ilikuwa bado. Ingeingia Jumanne jioni.

"Ulijua?" nikamuuliza baba.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikutese bure?"

"Ulikuwa unamtafuta Mungu kwa bidii, mama. Mimi wa kukukatiza ni nani?"

Loo! Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia amegeuza dini mchezo, na kwamba mimi sifungi tena asilani.

Jumanne ile mchana nilikaa jikoni namenya ndizi za mtori wa kula usiku huo, makusudi kabisa. Sasa, desturi yetu ni kwamba kabla ya siku hiyo mtu humwendea aliyemkosea kumwomba radhi, na akikataliwa hurudi mara ya pili, hata ya tatu. Baba akasimama mlangoni.

"Nisamehe."

"Siwezi."

Akaenda. Maji hayajachemka, huyo karudi. "Nisamehe, mwanangu."

"Hebu niondokee hapa!"

Mara ya tatu alikuja amevaa koti lake la harusi, analia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata kaburini kwa mama.

"Habari ya mwezi nimekusamehe," nikamwambia. "Mama je? Umemsomea nini?"

"Hatukutimia kumi."

"Kwa hiyo alale vivyo hivyo, kama mtu asiye na kwao? Aliacha kanisa la baba yake kwa ajili yako! Soma!"

"Lakini sheria..."

"Soma, baba!"

Alilifungua sanduku. Alisoma amesimama pale mlangoni pa jiko, maneno mengine ameyasahau, nami peke yangu naitikia amina mahali pa wanaume kumi. Alipofunga kitabu hasira zilinipanda upya, maana haikuchukua hata dakika tatu. Mama yangu alisubiri miaka minne kitu cha dakika tatu.