Mpira Uliokubali Televisheni Moja

Kati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo watu wengine huweka kioo, fundi lifti aliweka meza. Juu yake palikuwa na bisibisi kumi na moja, lenzi ya kuvalia jichoni, na nyaya zilizotimka kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Mchana alipandisha na kushusha lifti za majengo ya watu. Jioni alichora chipu.

Chipu yenyewe haikuwa ya kurusha roketi. Kazi yake ilikuwa moja: kuchomekwa kwenye televisheni na kuchora, kwa mtindo wa michezo ya kompyuta ya zamani, sakafu ya miraba inayokimbilia machweo, na mpira mwekundu unaodunda juu yake. Basi. Hakuna wa kucheza, hakuna wa kushinda.

"Mpira unakwenda wapi?" aliuliza mkewe, mwalimu wa hesabu.

"Hauendi. Unadunda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umeme ukatike."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazama jibu sahihi lisiloonyesha njia.

Chipu haifinyangwi nyumbani. Watu mia kadhaa wa nchi mbalimbali huchanga michoro yao, kila mmoja hupewa kipande ambacho sisimizi hawezi kunyooshea miguu, kisha kiwanda huichapa yote kwa pamoja. Kwenye kipande cha fundi hapakubaki nafasi ya kumbukumbu. Chipu ingelazimika kubuni kila doti ya picha papo hapo, wakati wake wa kuonekana unapofika, na kuisahau hapo hapo.

"Kama wewe na siku yangu ya kuzaliwa," alisema mwalimu, kisha akatoa sharti. "Sikia. Picha isipoonekana, meza inatoka, linaingia kabati langu la vitabu."

"Na ikionekana?"

"Inabaki. Na sitaiita takataka tena mbele ya wageni."

Kwa majaribio, fundi aliazima televisheni ya mama mkwe, ile nene ya zamani yenye kisogo. Akaiunganisha na bodi ya majaribio, ambayo hujifanya chipu yoyote unayoiamuru. Picha ikaegemea kushoto kama mlevi. Akaongeza hesabu hapa, akapunguza pale, wiki tatu nzima, hadi mpira ukatulia katikati. Akairudisha televisheni kwa shukrani, akatuma mchoro kiwandani. Ukishachapwa haufutiki. Hata talaka ina rejea, chipu haina.

Ilichukua miezi tisa.

"Miezi tisa!" alisema mshika stoo wa karakana. "Wakizaliwa pacha, bwana, mmoja wangu."

Ilipofika, fundi aliwakusanya wenzake kwenye kantini saa ya chai, mbele ya skrini bapa pana kama mlango. Mwalimu naye aliitwa, akaja na mkoba. Fundi akachomeka. Skrini ikafikiri kidogo, ikaandika: HAKUNA MAWIMBI.

"Mimi nimeuona," alisema mshika stoo. "Umedunda, ukatokea dirishani."

Wakajaribu skrini ya mapokezi. Wakajaribu ya ofisi ya mkuu. Zote tatu zilikuwa na msimamo mmoja. Mwalimu aliporudi nyumbani alifungua mkoba, akatoa futi kamba, akapima nafasi ya kabati.

Lakini mwalimu wa hesabu hawezi kuacha hesabu mbovu bila kuisahihisha. Kabla meza haijasogezwa akaomba karatasi za mchoro.

"Umeandika hapa kila mstari wa picha unatakiwa uchukue mapigo mia nane ya chipu, la sivyo skrini haiupokei. Mbona ukaupa mia nane ishirini na matatu?"

"Ndipo picha ilipotulia."

"Ilitulia wapi?"

"Kwenye televisheni ya mama."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Ile aliyokuwa akiifungua baba?"

Marehemu baba mkwe aliamini kila kifaa kina skrubu moja iliyozidi, na aliitafuta kila Jumapili. Tangu hapo televisheni ile ilisukuma kila kitu kushoto, na msoma habari akaishi na sikio moja kwa miaka kumi na tisa. Mama mkwe alidhani kazaliwa hivyo, akamwonea huruma. Sasa bisibisi ya marehemu ilikuwa imechapwa milele, nchi ya mbali, na watu waliovaa barakoa na glavu ili kusiingie hata vumbi.

Jumamosi wakaenda kwa mama mkwe. Fundi akavua viatu mlangoni, akachomeka chipu. Kisogo kikavuma. Machweo yakatanda, miraba ikakimbia, na mpira mwekundu ukadunda katikati kabisa.

Mama mkwe akavaa miwani. "Inatangaza nini?"

"Haitangazi, mama. Inadunda tu."

"Haina mambo ya serikali?"

"Haina."

"Basi iacheni."

"Picha imeonekana," alisema mwalimu, kwa uchungu wa mtu anayetoa alama zote. "Meza inabaki."

Ushindi humpa mtu kichwa kikubwa. Fundi akatoa bisibisi mfukoni, akazunguka nyuma ya kisogo. "Sasa mama, niinyooshe hii kidogo, ili chipu ya pili ikubali kila skrini."

"Mwanangu," alisema mama mkwe bila kuinua sauti, "skrubu aliyoikaza marehemu, unataka kuilegeza wewe?"

Bisibisi ikarudi mfukoni.

"Na hiyo meza mnayogombania, ilete hapa. Picha iko hapa, meza ikae kwenu ifanye nini?"

Mwalimu alimtazama mama yake kwa heshima mpya. Kabati la vitabu liliingia Jumatatu, likaenea bila kubaki hata kidole.

Siku hizi fundi huchora chipu yake ya pili sebuleni kwa mama mkwe, kwa soksi, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Kila mstari anaupa mapigo mia nane ishirini na matatu. Saa ya habari ikifika hunyanyuka kwa adabu kuchomoa chipu, na mama mkwe humrudisha kitini kwa mkono. Mpira udunde kwanza. Yule wa sikio moja atasubiri.