Mstari wa Tano Haukuitwa

Kosa ni langu. Nimelificha tangu enzi za Ujamaa, na sasa nimechoka kulibeba.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea kompyuta, alinionyesha kosa lake huku akicheka. Alitaka mashine imtolee namba kuanzia 1 hadi 12, akaandika [1-12]. Kumbe mashine inasoma tarakimu moja moja: 1 hadi 1, kisha 2. Ikamletea kila namba inayoanza na 1 au 2.

"Babu, ishirini na tatu imo, tano haimo!"

Sikucheka. Kosa hilo mimi nililifanya kwa sindano.

Nilikuwa karani wa zahanati katika kijiji kipya, njia ya Nzega. Nyumba zilipangwa mistari ishirini na minne. Kadi za watoto zilikuwa na matundu pembeni, moja kwa kila tarakimu; matundu ya tarakimu za mstari wa mtoto yalikatwa wazi hadi ukingoni. Ukipitisha sindano ndefu kwenye tundu la tarakimu na kuinua, zenye tarakimu hiyo zinadondoka mezani.

Chanjo ya surua ikaja, haitoshi kijiji kizima. Mganga akasema, "Toa mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili."

Nikapitisha sindano tundu la 1, nikapitisha la 2, basi! Fungu likawa nono, nikaridhika. Nikaita majina bila kutazama mistari. Kumbe wa 15 na wa 20 wamo, na wa 3 hadi wa 9 wote wamebaki kwenye sindano. Loo, uvivu wangu!

Dada yangu Nyamizi alikaa mstari wa tano. Akaja dirishani, mwanawe Kabula mgongoni.

"Karani mkubwa, sisi wa tano tuko nchi gani? Wa ishirini wanachanjwa!"

"Nyamizi, una haraka kama unawahi treni. Kadi hazikosei."

"Haya, kaka. Wewe ndiye uliyesoma."

Akarudi nyumbani. Ningeinuka nikatazama kadi moja tu! Sikuinuka. Jioni dawa ikaisha.

Surua ilimchukua Kabula kabla chanjo nyingine haijafika. Hapo nilikuwa nimeshatazama kadi zilizobaki, nikajua nilichofanya. Dada aliponiuliza, nikasema dawa ilikuwa chache. Akaniamini. Tulimzika dada mwaka jana, makaburi ya Isevya, na mpaka anakufa aliniamini. Ee Mola!

Nawe unayeshika orodha ya watu: mtu akija kukuambia hayumo, usimjibu umekaa. Inuka utazame, yeye akiwa bado amesimama pale.