Waashi Wanane wa Kuazima

Wiki jana nilirudi shule yangu ya msingi kuchukua cheti cha darasa la nane. Niko kidato cha tatu sasa, na cheti bado kilikuwa kimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu kwa sababu ya kitabu kimoja cha sayansi ambacho sikuwahi kukirudisha. Si kwamba kilipotea. Nyanya alikuwa anafunikia nacho kibuyu cha maziwa, na kila nikikiulizia ananiuliza kama nataka nzi waingie kwenye maziwa. Safari hii nilivizia akiwa shambani, nikakitwaa, nikapanda nacho kilima kutoka Kebirigo kikinuka maziwa lala.

Nilipofika getini nikasimama. Upande wa kushoto, palipokuwa na karakana za poli, sasa ni madarasa ya junia, ile sekondari ya chini, yamepakwa rangi mpya hadi yanaumiza macho. Ule ua wa michongoma uliotenganisha shule na poli umeng'olewa wote. Mlinzi aliniona nimeganda pale na kitabu mkononi, akaniuliza kama nakiuza.

Wewe hukusoma pale, kwa hivyo acha nikueleze. Uwanja wetu ulikuwa mmoja lakini ulikuwa na serikali mbili. Shule ya msingi ilikuwa ya wizara, ile ya Nairobi. Poli, yaani chuo cha ufundi cha kijiji, ilikuwa ya kaunti. Chekechea nayo ilikuwa ya kaunti, ila ilikaa upande wetu, ukuta kwa ukuta na darasa la kwanza. Siku moja mpira wa darasa la nne ulivunja dirisha la chekechea, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi nchi inavyoendeshwa. Mwalimu mkuu alisema chekechea si yake. Kaunti ikasema jengo si lake. Mwalimu wa chekechea akafundisha muhula mzima akiwa amebandika mfuko wa saruji dirishani, na watoto wake wadogo wakajua kusoma jina la ile saruji kabla hawajajua kusoma majina yao. Mwishowe vijana wa useremala wakavuka kutoka poli na mbao mbili, wakapiga misumari, wakaenda zao. Hawakuuliza ofisi yoyote.

Mwalimu mkuu na meneja wa poli walikuwa wameshaelewa kwamba kama wangengojea ofisi zao mbili ziongee, wangezeeka. Kwa hivyo walikuwa wanaazimana. Watu wa wizara wakija kukagua madawati, asubuhi yake madawati na mabenchi ya poli yalikuwa yanapita kwenye pengo la ua, yanaingia madarasani kwetu. Watu wa kaunti wakija kuhesabu wanafunzi wa poli, sisi ndio tulikuwa tunapita. Hakuna aliyeuita uongo. Uliitwa kusaidiana, na wote wawili walikuwa wazee wa kanisa, mmoja Msabato, mwingine Mkatoliki.

Dada yangu alikuwa upande ule wa poli, kwa darasa la ushonaji. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili akiwa na mimba. Mtoto alipofika miezi mitatu, nyanya alimshika dada mkono, akampeleka mwenyewe hadi kwa meneja, akamwambia, huyu mumfundishe kitu. Dada alikuwa anashona huku mtoto amelala kwenye katoni ya sabuni chini ya meza ya cherehani, na sauti ya ile cherehani ya miguu ndiyo ilikuwa inambembeleza. Ikinyamaza, mtoto analia. Kwa hivyo dada alishona kuliko wote. Alikuwa amebakisha muhula mmoja tu afanye mtihani wa serikali apate cheti.

Halafu ikaja habari kwamba idara ya elimu ya kaunti inaunganisha poli zilizo na watu wachache. Yetu ingeenda kuunganishwa na ile kubwa, ng'ambo kabisa, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Nyanya alikuwa anachambua mboga za chinsaga jikoni aliposikia, akaendelea kuchambua kwanza hadi majani yote yakaisha.

"Poli ikienda, huyu amekwisha," alisema. Halafu akaniambia nichote maji.

Afisa wa idara angekuja Jumanne kuhesabu wanafunzi. Asubuhi hiyo paredi haikuwa na nyimbo. Mwalimu mkuu alipita katikati ya mistari akichagua watu kwa urefu, anagusa bega na kalamu, unatoka. Mimi nilikuwa darasa la tano, miaka kumi na moja, lakini nilikuwa nimekua kama mti wa bluugamu, wote juu na hakuna kitu katikati. Kalamu ikanigusa. Mwalimu wangu wa darasa akamfuata mwalimu mkuu mbio, akamnong'oneza kwa sauti ambayo mstari wote ulisikia kwamba huyo hapana, huyo hatulii hata wakati wa maombi. Hakudanganya. Makalio yangu hayajawahi kuelewana na dawati hadi leo. Mwalimu mkuu akasema urefu ni urefu.

Tulikuwa wanane, watatu wasichana. Wasichana tulipelekwa uashi pamoja na wale wavulana, kwa sababu fomu ya idara ilikuwa na nafasi ya kuandika wasichana wanaosomea uashi, na meneja alikuwa ameiacha wazi tangu aajiriwe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwashi wa kike wa kwanza kwenye kilima chetu. Nilivalishwa ovaroli iliyonuka jasho la mtu mwingine, mikono imekunjwa mara nne.

Mwalimu wa uashi alikuwa mzee mfupi ambaye saruji ilikuwa imemla ncha za vidole. Alitufundisha kazi ya miaka miwili kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Huu ni mwiko, hii ni timazi, hii ni pima maji, usiishike kama chupa. Ukuta tuliopewa ulikuwa wa mazoezi. Poli haikuwa na saruji ya kuharibu, kwa hivyo wanafunzi walikuwa wanajenga kwa udongo, mwalimu anapima, anatoa alama, halafu wanaubomoa na kuosha matofali wajengee tena. Ukuta ule ulijengwa kila Jumatatu na haukuwahi kuona Sabato hata moja.

"Msiongee," mzee alitwambia. "Mkiulizwa kitu, angalieni timazi."

Rafiki yangu, kunyamaza kunaniuma mwilini. Nilikuwa na mizaha minne tayari kuhusu ile timazi, na yote niliimeza.

Afisa alikuwa mama wa makamo, suti nzuri, viatu vya mpira vya mvua, faili chini ya kwapa. Kwa meneja aliongea Kiingereza, sisi akatusalimia kwa Kiswahili, na nilikuwa nimeshasikia kwamba akianza Ekegusii ujue mambo yamekuwa mazito. Alipita akiandika. Wavulana wanaweka tofali, wanatoa, wanaweka lile lile. Akasimama mbele yangu, akaniuliza ni nini kinachonifurahisha zaidi katika uashi.

Nikaangalia timazi. Akauliza tena.

"Kubomoa, madam," nikasema.

Mzee wa uashi akakohoa hadi akashika ukuta, na ukuta ukayumba. Lakini afisa alicheka, kicheko cha kweli cha tumbo, na nikaona meneja anavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nakwambia mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Mpaka saa nne.

Saa nne ng'ambo ya ua ilikuwa kengele ya uji. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto wa zamu asipige. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa, na alipoigonga haikupitia masikioni, ilipitia miguuni. Lazima uelewe kuhusu ule uji. Ulikuwa wa wimbi, wazazi wanaleta unga, na sufuria ilikuwa moja. Wa kwanza kufika anapata mzito wa juu. Wa mwisho anapata maji ya kusuuzia. Kwa miaka mitano mwili wangu ulikuwa unajua hilo bila kuniuliza. Niliangusha mwiko. Nilikuwa wa kwanza kwenye pengo la ua, miiba ikabaki na kipande cha ovaroli ya serikali, na nyuma yangu nikasikia waashi saba wanakuja kama ng'ombe waliofunguliwa.

Nilipopata akili nilikuwa kwenye foleni, udongo hadi viwikoni. Nikageuka. Afisa alikuwa amesimama kwenye pengo, faili limeshuka, anatuangalia. Nyuma yake meneja alikuwa anakagua mawingu. Mama mpishi hakuwa ameambiwa chochote. Aliniuliza nimevaa nini, akanijazia kikombe. Nikanywa. Ndicho kitu kinachonirudia hadi leo, kwamba niliunywa wote na ulikuwa mtamu.

Afisa akarudi ndani, akaenda moja kwa moja darasa la ushonaji. Mimi nikatambaa kando ya ua hadi chini ya dirisha. Nilisikia cherehani zikinyamaza moja baada ya nyingine, halafu mtoto wa dada akaanza kulia kama nilivyojua angelia. Afisa aliuliza kwa Ekegusii mko wangapi. Ni dada aliyejibu, na alijibu pole pole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Poli nzima tuko saba, madam. Wale wengine ni wadogo zetu wa ng'ambo ya ua. Mkituhamisha, hawa sita wataenda. Mimi nina huyu, sitaweza. Halafu mtaandika kwamba niliacha."

Nilisubiri afisa akasirike. Aliuliza tu amebakisha nini.

"Kola, mfuko wa shati, na mtihani."

Sikusikia jibu. Nilisikia kalamu, halafu gari.

Barua ilikuja muhula ukielekea kuisha. Poli ifungwe mwisho wa mwaka, isiandikishe mtu mpya, lakini wale saba wa ushonaji wamalizie na wafanyie mtihani pale pale. Walifanya. Dada alishona shati lenye kola na mfuko, mgeni wa mtihani akalivuta huku na huku kama anayetaka kugombana nalo, likakataa kuchanika. Kesho yake lori likaja kuchukua cherehani. Meneja alipelekwa ofisi fulani ambako hakuna mtu wa kuazima. Mzee wa uashi alirudi kwao, na siku ya mwisho alitujengea ukuta wa mazoezi peke yake, akaupima, akaubomoa, akaosha matofali.

Nyumbani hakuna aliyenipiga. Waliniita mwashi tu, kwa miaka, kila nikiharibu kitu, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini kuna usingizi wa mchana, ule wa darasani baada ya chakula, ambao sijawahi kuufurahia, kwa sababu nikifumba macho nauona mwiko unaanguka. Nilijiambia kama ningesimama pale dakika kumi zaidi, poli ingekuwepo. Sikumwambia mtu.

Basi wiki jana, baada ya mwalimu mkuu kunusa kitabu chake, kufungua dirisha, na kunipa cheti, sikurudi nyumbani. Nilienda hadi Keumbu, sokoni, ambako dada ana kibanda cha kushonea. Nilimkuta anakata sare za junia. Ndiyo, junia ile ile. Watoto wanaokaa kwenye chumba alichojifunzia ndio wanaovaa kazi ya mikono yake. Nikamwuliza, hatimaye, nikiangalia mkasi, kama ni mimi niliyeifungisha poli.

"Ungetulia siku hiyo, bado tungekuwa saba," alisema. Hakuinua kichwa.

Ilibidi nitoke nje kidogo, nikasimama na mama wa ndizi nikijifanya nachagua. Niliporudi nikamwambia jambo lingine ambalo lilikuwa linanisumbua tangu tufunge shule kwa likizo. Msichana tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja ameacha shule muhula uliopita, na sababu ni ile ile ya dada. Ananitumia ujumbe kila siku. Anataka kujua kuna mahali gani karibu pa kujifunza kushona huku ananyonyesha. Nilikuwa nimeanza kumjibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Zamani ungevuka pengo la ua tu. Ofisi zimepatana sasa, kila kitu kiko chini ya mwenyewe, makaratasi yamenyooka, na kilima kizima hakina mlango wa kumpeleka.

Dada aliweka mkasi chini. Akaangalia kona ya kibanda, kulikokuwa na cherehani ya pili iliyofunikwa kitambaa.

"Mwambie aje na mtoto," alisema. "Kazi nitamfundisha yote. Cheti ndicho sina cha kumpa."

Nikatoa simu, nikaandika hilo la kuja na mtoto nikatuma, na hilo la cheti nikaliacha, nikakaa pale nikitikisa mguu hadi dada akanipa mfagio nifagie vipande vya vitambaa.