Kaburi la Kabichi

Restituta wa Alfredi alizaliwa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, ambako ukungu hauondoki mpaka watu wamemaliza chai. Kwao kitalu cha kabichi hakikuwa na shughuli. Mama yake alitifua kipande nyuma ya nyumba, akarusha mbegu, akaenda zake kanisani, na baada ya siku chache miche ilikuwa imesimama yenyewe. Kwa hiyo alipoolewa Mogitu, chini ya mlima Hanang, akaona kijito kinapita pembeni ya shamba la mumewe, alitangaza mbele ya wakwe zake wote kwamba kipande kile cha kijitoni anakitaka yeye, atalima kabichi, na kabichi zake zitaliwa mpaka Katesh.

Alisema mapema mno. Restituta ni mtu wa kusema mapema, na kama hujui hilo bado hujakaa naye hata dakika tano.

Mogitu nako kuna jua lake. Kiangazi upepo unapanda kutoka bondeni umeshakauka, na mchana hakuna hata kiwingu cha kusingizia. Mwaka wa kwanza mbegu zilichomoza vizuri, vijani viwili viwili, Restituta akaita watu waje waone. Walipokuja walikuta vimelala chini vyote, vimekauka. Shemeji yake Tito, mdogo wake Alfredi, mwanamume mwenye jozi ya maksai na maoni kuhusu kila shamba lisilo lake, alichuchumaa, akasugua kamche kamoja kwenye kiganja, akanusa.

"Shemeji," akasema, "hii si mboga. Huu ni ugoro."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Restituta hakucheka.

Mwaka wa pili akaweka kivuli. Alichimbia vijiti vyenye panda, akalaza fito, akaezeka nyasi juu, na chini yake miche ikanyanyuka, jamani, ya kupendeza! Ndipo wakaja mbuzi wa jirani yake Justina. Baada ya mavuno Mogitu mifugo inaachiwa itembee inakotaka, ndivyo ilivyo tangu zamani, na ukimwezekea mbuzi paa la nyasi lililo usawa wa kiuno, yeye anajua umemwandalia meza. Walikula paa lote. Miche hawakuigusa hata mmoja. Jua ndilo lililoimaliza, kabla ya saa nane mchana.

Restituta akaenda kwa Justina na ule mdomo wake. Justina akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa utulivu, "Sasa jirani, mbuzi wangu wamekula kabichi yako?"

"Hawakula, lakini..."

"Walikula nyasi. Nyasi ni za Mungu."

Restituta alirudi nyumbani akapika ugali mgumu kiasi kwamba mumewe hakuthubutu kuuliza kitu.

Huyu mumewe, Alfredi, ni mtu mrefu kupita kiasi na mpole kupita urefu wake. Aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na mashamba yalipopunguza watu akajifunza uashi. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, kila fundi mwenye mwiko na kamba alikimbilia huko. Usiku wa kuondoka, Alfredi alikaa kitandani akaanza kufungua viatu ambavyo alikuwa ameshavifungua.

"Mama Benedikta," akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa kwa bibi yake kule Daudi, "Tito ananisumbua. Anataka kile kipande cha kijitoni apande alizeti. Nimemwambia asubiri, ujaribu mara ya tatu. Lakini ikiungua tena, nikirudi nampa."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilimwuma zaidi. Nyumba Restituta aliikuta, sufuria alizikuta, hata jiko la mafiga matatu alilikuta limepangwa na mama mkwe. Kipande kile ndicho kitu pekee Mogitu alichokichagua kwa kidole chake mwenyewe. Aliapa kwamba safari hii jua halitaiona miche yake mpaka yeye atakapoliruhusu.

Alfredi aliondoka alfajiri, amepanda juu ya lori la mahindi, na hakuna jirani aliyemwona. Asubuhi hiyohiyo Restituta akashika jembe.

Sasa sikiliza alivyofanya, maana kila kitu alifanya sawasawa na kila kitu kilimponza. Kitalu alikiweka ubavuni mwa nyumba, ili akilinde. Aliinua tuta juu, udongo mwekundu mbichi, upana wa kufikia kwa mkono bila kukanyaga, urefu wa mtu mzima aliyelala. Akalizungushia mawe udongo usimomonyoke. Akarusha mbegu, akatandaza nyasi, akajenga kipaa juu yake, halafu akazungusha miiba pande zote. Na kwa kuwa kuteka maji juani kulifanya kichwa kimwashe kwa jasho, akanyoa nywele zote.

Niambie wewe: mume haonekani, mke kanyoa kipara, na ubavuni mwa nyumba kuna tuta jipya lenye mawe na kibanda. Ungewaza nini?

Nyumba iliyofiwa, kwa desturi ya wakulima wa huku, huachwa peke yake kwa muda. Huingii, huombi moto, na mifugo yako huichanganyi na yao. Padri amehubiri juu ya jambo hilo miaka mingi, watu wakaitikia amina, kisha wakaenda nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Nao wafugaji wa bondeni, ambao mzee wao mkubwa akifa humjengea kilima cha udongo chenye vigingi, walipopita na ng'ombe wakasimama mbali, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaizungusha mifugo. Mmoja alisikika akisema hakujua kama yule dereva wa trekta alikuwa mtu mkubwa kiasi hicho.

Restituta aliona tu kwamba mbuzi hawaji. Akashukuru Mungu, hakuuliza zaidi. Kijitoni wanawake walinyamaza akifika, wakampisha. Akadhani wameanza kumheshimu. Siku moja Justina akapaza sauti kutoka barabarani, "Pole sana, jirani!"

Restituta akadhani anaombwa radhi ya mbuzi wa mwaka jana. "Yameshapita, mwenzangu!" akajibu kwa furaha. "Nimesamehe, maisha yanaendelea!"

Justina akaenda kusimulia kijiji kizima kwamba hajapata kuona mjane mwenye moyo mgumu namna ile.

Aliyevunja kimya ni katekista Isidori. Alikuja jioni, rozari mkononi, akasimama nje ya miiba amekunja uso. Restituta alikuwa anamwagilia kwa kopo alilolitoboa matundu kwa msumari.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, lakini sikuja kwa salamu. Mama Benedikta, Mkristo aliyebatizwa, aliyefunga ndoa mbele ya altare, unamfukia hapa kimyakimya, bila hata Baba Yetu moja?"

"Nani?"

"Usiniulize nani, na yeye amelala hapo!" Isidori akaelekeza rozari kwenye tuta. Kisha akaona kopo, sauti ikamkauka. "Na unammwagia maji?"

"Asubuhi na jioni. Bila hivyo hawachomozi."

Katekista akarudi nyuma hatua kadhaa. "Hawachomozi?"

Restituta akainua ukingo wa nyasi. Isidori akainama kwa hadhari sana, mkono mmoja tayari kwa ishara ya msalaba, akaona safu za miche ya kijani imesimama kivulini.

"Hii ni kabichi," akasema.

"Ulitaka iwe nini?"

"Na Alfredi?"

"Yuko Babati anajenga."

Hapo ndipo ilipomwingia Restituta. Alicheka mpaka akaketi chini, machozi yakamtoka. Halafu ghafla akaacha kucheka. Alikuwa amekumbuka mbuzi.

"Jumapili nitatangaza kanisani kwamba Alfredi ni mzima," akasema Isidori. "Habari imefika mpaka Nangwa."

"Subiri kidogo, katekista. Mpaka wazoee jua. Napunguza nyasi kidogo kidogo, leo shada moja, kesho jingine. Watu wakijua, mbuzi watakuja wale paa, na jua litawamaliza siku hiyohiyo."

"Unataka mimi niseme uongo?"

"Nani kasema useme? Nyamaza tu. Kila Jumapili tunakuomba ufupishe, leo umepata nafasi."

Isidori alimtazama kama anayetaka kukasirika, ikashindikana. Alisema hataanza yeye, ila akiulizwa atajibu kweli. Nani angemwuliza? Watu waliogopa hata kulitaja jina. Usidhani Restituta hakuona aibu. Aliona, tena sana. Kila sala ya jioni alimwombea mumewe afya njema kwa sauti kubwa, ili huko mbinguni angalau kusiwe na utata.

Sasa, uvumi nao hupanda lori. Ulimfikia Alfredi akiwa juu ya jukwaa la ujenzi huko Babati: utingo mmoja alimtazama, akataka kujua kama yeye ndiye marehemu. Alfredi akaomba ruhusa, akaja. Aliposhuka barabarani Mogitu wa kwanza kukutana naye alikuwa Justina, na mzigo wa kuni kichwani.

"Hujambo, mama," akamsalimu kwa upole wake.

Justina akatupa kuni na kukimbia, akipita juu ya vichaka ambavyo hata mbuzi wake hawavipiti. Alfredi akaziokota kuni zile, akaziegemeza vizuri kwenye mti, akaendelea na safari. Tangu siku ile mbuzi wa Justina walifungwa kamba.

Alimkuta mkewe amepiga magoti kando ya tuta anazungumza nalo. "Leo nawafungulia kidogo zaidi, wanangu. Msiniaibishe."

"Hodi," akasema Alfredi.

Restituta aligeuka, uso ukang'aa, kisha akatazama barabarani kwa wasiwasi. "Ingia ndani upesi! Usionekane!"

"Restituta, Babati wameniambia nimekufa."

"Najua. Ingia, nitakupa chai."

Akamweleza yote. Alfredi alisikiliza, kikombe mkononi, akichungulia dirishani.

"Mbona fupi?" akauliza.

"Nini fupi?"

"Kaburi langu. Magoti yangu yangeishia wapi?"

"Baba Benedikta, kaa ndani mpaka Jumamosi. Jumamosi tunapandikiza."

"Mimi mtu mzima nijifiche nyumbani kwangu kwa ajili ya kabichi?"

Siku nyingine Restituta angekuwa na majibu saba. Safari hii alikaa kwenye kigoda, akatazama mikono yake, ikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. "Ni mara ya tatu hii," akasema polepole.

Alfredi akakumbuka usiku ule na viatu vyake. Akainama, akavivua. "Basi chai iwe na sukari," akasema.

Akawa marehemu mtiifu. Shida yake ilikuwa moja tu: fundi mwashi hawezi kutazama kitu kilichopinda. Giza likianza kuingia alitoka kwa kunyata, akanyoosha fito za kipaa, akazifunga upya kwa kamba, mpaka kikawa paa la kuinuliwa zima.

Jumamosi hiyohiyo Tito akarudi. Alikuwa Basotu na maksai wake tangu kabla ya msiba, ndiyo maana watu walisema kaka yake amezikwa haraka bila kumsubiri. Alipopewa habari alilia barabarani, na alilia kweli, mpaka watu wakamshika. Kisha akapangusa uso, akawaza kuhusu kipande cha kijitoni ambacho sasa hakina mwenyewe, akafunga maksai kwenye plau.

Jioni, jua lilipopungua ukali, Restituta alikuwa ameng'oa miche akaipanga kwenye beseni, mizizi imefunikwa matope. Jua bado lilikuwa na kucha kidogo, kwa hiyo Alfredi akainua paa lote la kitalu, akalibeba kichwani, akatembea sambamba na mkewe kulikinga beseni.

Tito alikuwa anageuza maksai ukingoni mwa shamba alipoliona paa la kaburi la kaka yake linateremka kilima. Chini yake palikuwa na miguu, na miguu mirefu namna ile Mogitu nzima ni ya mtu mmoja. Maksai hawakujali. Tito alikumbatia mpini wa plau kwa mikono yote miwili.

Paa likafika, likainuliwa. Alfredi akamtazama mdogo wake. "Tito. Hata shikamoo?"

"Shi... shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungua ng'ombe."

"Lakini kaka, ulisema ikiungua..."

"Imeungua?"

Restituta akaweka beseni chini. Miche ilikuwa imesimama, minene, ya kijani kibichi, hakuna hata mmoja uliolegea. Tito aliitazama. Akainama, akaanza kufungua maksai.

"Hili ni shamba la Restituta," akasema Alfredi. "Ukitaka kulilima, kamwombe yeye."

Miaka hiyo yote Restituta alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Tito, mengi, tangu yale ya ugoro. Aliposikia jina lake likiwekwa pamoja na neno shamba, yote yakampotea. Akapiga magoti, akachimba shimo, akaushika mche wa kwanza, akauweka, akaukandamiza udongo kwa vidole. Tito akaanza kujivuta pembeni.

"Usiondoke, shemeji," akasema Restituta bila kuinua kichwa. "Simama hapohapo. Kivuli chako kinaukinga mche wangu na jua."