Zamu Yetu ya Maji

Nikimwagilia maua hapa mjini, harufu ya udongo mkavu unaolowa hunirudisha kwenye mfongo, mfereji ulioleta maji ya mlimani hadi shambani kwa bibi.

Asubuhi moja ya utoto wangu ilikuwa zamu yetu, na maharage yalikuwa yamenyauka. Bibi alinituma nikae upande wa juu wa shamba. Nikisikia maji yanakuja, nizibe mfongo kwa vipande vya mgomba na matope, yageukie kwetu. Nikakaa, nikafumba macho kama wanakwaya, nikaimba nyimbo zote za shule ya Jumapili kwa sauti kubwa. Nilipofumbua, kingo za mfongo zilikuwa zimelowa. Maji yalishapita, na zamu yetu ilikuwa imekwisha.

Bibi akaja na jembe lake. Nilingoja fimbo, yeye akaketi kando yangu.

"Umeimba vizuri, mjukuu wangu. Ila maji hayapigi hodi."

Jioni tulisali. Baada ya amina nilikimbilia jikoni kama kawaida yangu, lakini bibi alibaki amepiga magoti, kimya.

"Bibi, si tumemaliza?"

"Tumemaliza kusema."

Nikarudi, nikapiga magoti karibu naye, nikatega sikio kama mtu anayengoja maji.