Raha Niliyoungama

Mwaka ule wa kidato cha sita sikuweza kutulia. Nilitembea na kitabu cha mashairi ya Waingereza wa kale kutoka chumba chetu cha Makadara hadi bombani na kurudi, nikisoma huku ndoo inafurika na majirani wanasonya. Washairi wale walidai kwamba raha si upuuzi, kwamba mtu hajui jambo kwa hakika mpaka limfurahishe. Mimi mtoto wa mama aliyeokoka, niliyefundishwa kwamba raha ni mlango wa shetani, neno hilo lilininyima usingizi.

Kila Jumapili mchana ndugu wa uamsho walikusanyika kwetu. Desturi yao ilikuwa kwamba kilichokukalia moyoni unakileta nuruni, mbele ya wote. Nami, mjinga, nikasimama nikaungama kwamba napenda kitabu kuliko maombi.

Wakaimba kwa furaha. Kisha mzee wa ushirika, seremala mpole aliyesomea misheni, akaninyooshea mkono.

"Bwana asifiwe, dada. Kiache hapa kwa msalaba."

Nikampa. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu, kitabu chenyewe ni cha shule, na kingine hakikuwepo. Nilimkasirikia seremala, nikajikasirikia zaidi. Mama aliniona nikizunguka chumbani wiki nzima.

Jumapili iliyofuata akasimama yeye, aliyekuwa akifagia korti siku sita kwa wiki na ambaye sikuwahi kumsikia akiungama dhambi mpya.

"Mimi pia niko na kitu nimeficha, ndugu zangu. Nikienda kazi asubuhi huwa nazunguka nipitie kwa bekari. Nasimama hapo nanusa mkate mpaka roho inatulia. Sinunui. Nanusa tu."

Mtu akaanzisha wimbo. Mama akamzuia kwa mkono.

"Sijamaliza. Nimejaribu kutubu hii kitu miaka mingi, nimeshindwa. Hapo ndipo mimi humshukuru Mungu bila kumwomba chochote." Akamgeukia seremala. "Sasa ndugu, hiyo bekari nayo nitakuletea aje?"

Seremala aliinamisha kichwa. Kesho yake kitabu kilirudi, kimefungwa kwa gazeti. Nilipokifungua nikakuta kipande cha maranda ya mbao kimewekwa kama alama katikati ya kurasa, mbele sana ya pale nilipokuwa nimefika.

Hilo sikulileta nuruni.