Magunia ya Ufukwe wa Matema

Siku tuliyoshushwa Matema kusafisha ufukwe wa Ziwa Nyasa, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa kidato cha pili huko Tukuyu, enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki. Mwalimu wetu wa jiografia alitaka tuone kwa macho jinsi plastiki inavyoharibu ziwa. Mfadhili mmoja akatoa lori, magunia na fulana nyeupe. Tena alikuwa ameiahidi shule madawati.

Tuliokota chupa, rambo, ndala na nyavu chakavu. Lakini yule mfadhili hakuutazama mchanga hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa mpiga picha. Nikaingiwa na shaka.

"Baba, haya magunia yanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Binti, wewe okota tu."

Sikuridhika. Kuuliza si ujinga, ila ukijibiwa hivyo, shtuka. Wakati wa kurudi nilikaa dirishani mwa basi letu, nikilifuata lori la magunia kwa macho. Mara likakata kona kuingia migombani, upande wa mtoni. Dampo gani liko huko?

"Mwalimu, twende tukaone."

Akaninong'oneza, "Tulia, mwanangu. Tutakosa madawati."

Nikaanza kumshuku hata yeye, mtu niliyempenda. Nikagonga bodi ya basi mpaka dereva akasimama, tukashuka tukafuata njia ya lori.

Tuliwakuta vibarua wakimwaga magunia mtoni, na mto ule unashuka ziwani. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji alizitazama fulana zetu kwa uchungu. "Kumbe ni nyinyi? Mkishapiga picha zenu, sisi tunachota rambo."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kisha akaenda kusimama mbele ya lori. "Halitoki hapa mpaka kila chupa irudi humo!"

Tuliingia majini sote, tukazoa, tukalisindikiza lori hadi dampo la mji. Madawati hayakuja; tulimaliza shule tukibanana sakafuni.

Sasa nasikia wanafunzi wa shule yenu hapa Ipogolo mnakwenda kuokota plastiki kandokando ya mto Ruaha. Nenda, mwanangu, uokote kwa moyo. Ila kikulacho ki nguoni mwako, na pengine ndiyo hiyo fulana uliyopewa bure. Uliza taka zinakwenda wapi. Ukijibiwa, nenda ukaone mwenyewe, hata kama anayekuzuia ni mtu unayemheshimu.

Mungu akupe macho yasiyofumbwa na zawadi, na maji watakayochota wanao yawe safi.